Nomino za Pekee: Tuache Kuzitambua kwa Herufi Kubwa

Mwulize mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza katika idara zetu za Kiswahili nomino ya pekee ni nini, naye hatasita: ni nomino inayoanza kwa herufi kubwa. Akiombwa mifano atataja Kenya, Juma, Nairobi na Jumatatu, kisha atatulia kama mtu aliyekwisha kulipa deni. Jibu hilo hakulipata katika sarufi ya Kiswahili. Alilitoa katika somo la Kiingereza, katika yale mazoezi ya shule ya msingi ambamo alipewa sentensi kumi na kuamriwa azipigie mstari nomino za kawaida na kuzizungushia duara nomino za pekee. Alizoea kuipekua sentensi akitafuta herufi kubwa tu, na aghalabu alipata kumi kwa kumi. Alipoingia katika kipindi cha Kiswahili aliendelea na ada ile ile, nasi tukampa alama zake bila kumwuliza alilokuwa akilifanya.

Rai yangu ni kwamba herufi kubwa haiifanyi nomino kuwa ya pekee, wala haitoshi kuwa kigezo cha kuitambulia, hata katika Kiingereza chenyewe. Aidha, Kiswahili kina vigezo vyake, vinavyosikika katika usemi kabla ya kuonekana katika maandishi, na ambavyo tunavipuuza. Wengi miongoni mwetu tunasomea ualimu. Kosa tutakalolibeba kutoka hapa litawafikia watoto wengi.

Tuanze na Kiingereza, kwa kuwa ndiko kigezo chetu kilikotoka. Chukua sentensi ya darasani: "The teacher took Otieno to Lake Victoria on Monday." Mtoto anayetafuta herufi kubwa ataokota maneno matano: The, Otieno, Lake, Victoria na Monday. Neno la kwanza atakatazwa kulichukua, kwa sababu sentensi yoyote ile huanza kwa herufi kubwa. Basi papo hapo kigezo kimeshahitaji kigezo kingine cha kukirekebisha. Mpe sasa "Mary and I met a Kenyan athlete." Herufi kubwa ziko tatu, na nomino ya pekee ni moja tu. "I" ni kiwakilishi, na "Kenyan" hapo ni kivumishi kinachomweleza mwanariadha. Anayejua hayo hakuyajua kwa kutazama herufi. Aliyajua kwa sababu alielewa kazi ya kila neno katika sentensi.

Mada za vitabu huuvuruga mtihani huu zaidi. Jaramogi Oginga Odinga alichapisha tawasifu yake mwaka 1967 kwa jina *Not Yet Uhuru*. Maneno yote matatu yana herufi kubwa, na hakuna hata moja kati yake lililo nomino ya pekee. Uhuru anaouzungumzia Jaramogi ni hali ya kuwa huru, hali ambayo, kwa maoni yake, ilikuwa bado haijawafikia wananchi.

Wala Waingereza wenyewe hawakuwa na kanuni moja tangu zamani. Wachapishaji wao wa karne ya 17 na sehemu kubwa ya karne ya 18 waliziandika nomino nyingi za kawaida kwa herufi kubwa. Anayekifungua *Gulliver's Travels* cha Jonathan Swift katika chapa ya 1726 hukutana nazo katika kila ukurasa, na Katiba ya Marekani ya 1787 imejaa herufi kubwa katika maneno kama watu, muungano na haki. Baadaye mtindo huo ulififia. Wajerumani huandika kila nomino kwa herufi kubwa hadi leo, iwe meza au mbwa. Wadenmaki nao walifanya hivyo hadi 1948, serikali yao ilipobadilisha tahajia. Wafaransa, kwa upande mwingine, huandika majina ya siku na miezi kwa herufi ndogo. Je, Jumatatu hupoteza upekee wake ikivuka mkono wa bahari kutoka Uingereza kwenda Ufaransa? Haya ni makubaliano ya waandishi na wachapishaji. Sarufi ya lugha ni jambo jingine.

Sisi wa Kiswahili ndio hasa tulipaswa kulitambua hilo mapema. Lugha hii iliandikwa kwa hati ya Kiarabu kwa karne kadhaa kabla ya hati ya Kilatini kushika mahali pake, na hati ya Kiarabu haina herufi kubwa. *Utendi wa Tambuka*, ambao nakala yake ya kale ina tarehe inayolingana na mwaka 1728, una majina ya watu na ya miji, wala hakuna hata moja lililovikwa kofia. Wasomaji wa Pate na Lamu walijua lipi ni jina la mtu na lipi ni la kitu. Walilijuaje?

Sehemu ya jibu imo katika maana, na hapa sina budi kumtaja mwanafalsafa John Stuart Mill, aliyeandika mwaka 1843 kwamba jina la pekee humwelekea mtu au mahali bila kueleza sifa zake. Mfano wake ulikuwa mji wa Dartmouth, ulioitwa hivyo kwa kuwa uko kwenye mdomo wa mto Dart. Hata mto ukihama, alisema, mji hautalazimika kubadili jina. Baadhi yetu tumezoea kumpinga Mill kwa hoja kwamba majina ya Kiafrika yana maana: Otieno amezaliwa usiku, Wafula amezaliwa wakati wa mvua. Ni kweli majina hayo yana maana, lakini hoja ya Mill haijavunjika. Wafula hubaki kuwa Wafula hata wakati wa kiangazi. Mji wa Mto wa Mbu, karibu na Ziwa Manyara nchini Tanzania, utaitwa hivyo hata mbu wakiangamizwa wote. Nomino ya kawaida, kwa upande wake, hufuata sifa. Kitu kikiacha kuwa na sifa za kiti, hatukiiti kiti tena.

Lakini maana peke yake humwacha mwalimu na kazi ngumu mbele ya watoto wa miaka tisa. Anahitaji alama inayosikika. Kiingereza kinayo alama hiyo, nayo ni vile vijineno vinavyotangulia nomino. Katika "Rose gave Faith a rose", hata tukifuta herufi kubwa zote, kile kineno "a" hutuambia kuwa waridi ni lile la mwisho. Kiswahili hakina vijineno hivyo. Kina upatanisho wa kisarufi, na upatanisho, naamini, ni shahidi bora zaidi.

Tazama sentensi hii niliyoinyima herufi kubwa kwa makusudi: *zawadi alimpa baraka zawadi.* Hakuna mzawa wa lugha hii atakayeshindwa kuielewa. Kiambishi *a-* katika kitenzi chasema kuwa zawadi ya kwanza ni mtu, ama sivyo tungesikia *ilimpa*. Kiambishi *-m-* chasema kuwa aliyepewa ni mtu pia. Basi Baraka huyo si baraka zile tunazoombewa na wazee. Zawadi ya mwisho ndiyo kitu chenyewe. Nomino tatu, mbili za pekee na moja ya kawaida, na zote zimejitambulisha bila msaada wa kalamu. Isome kwa sauti mbele ya darasa na watoto watakwambia nani alipewa nini.

Jambo hili hujitokeza wazi zaidi katika vichwa vya habari vya magazeti vinavyoandikwa kwa herufi kubwa tupu, ambamo kigezo cha herufi hufa kabisa. UHURU ALETA FURAHA ni habari ya mtu, na Mkenya yeyote aliyekuwapo kati ya 2013 na 2022 angemfikiria rais wa wakati huo. UHURU WALETA FURAHA ni habari ya taifa lililojitawala. Tofauti yote imebebwa na *a-* na *wa-*.

Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, katika shule ambayo sitaitaja, nilipewa rundo la madaftari pamoja na mwongozo wa kusahihishia. Sentensi mojawapo ilikuwa: "Uhuru ulipatikana mwaka 1963." Mwongozo ulisema Uhuru ni nomino ya pekee. Msichana mmoja alikuwa ameandika kuwa ni nomino dhahania, na kando yake, kwa maandishi madogo, akaongeza: "kwa sababu ni ulipatikana, si alipatikana". Nikampa alama. Mwalimu wa somo alipoyapitia madaftari yale aliifuta alama ile kwa kalamu nyekundu, kwa kuwa Uhuru imeanza kwa U kubwa. Kwamba neno hilo lilikuwa la kwanza katika sentensi hakukumshughulisha. Msichana yule alikuwa amefanya uchanganuzi ambao ungemletea sifa katika semina yoyote ya isimu, naye akafunzwa kuwa amekosea. Sidhani kuwa alirudia tena kuandika sababu zake kando ya jibu.

Katika majina ya mahali, upatanisho hutuonyesha jambo ambalo Kiingereza hakiwezi kulionyesha. Chukua Nakuru. Tukisema *Nakuru limefurika*, tunalizungumzia ziwa, ambalo kama maziwa mengine ya Bonde la Ufa maji yake yamepanda mno tangu miaka ya 2010. Tukisema *Nakuru ulitangazwa kuwa jiji mwaka 2021*, tunauzungumzia mji. Tukisema *Nakuru imemchagua gavana wake*, hiyo ni mojawapo ya kaunti 47 zilizoundwa na Katiba ya 2010. Jina ni moja, na viambishi ni vitatu. Kila kiambishi kimetoka katika nomino ya kawaida iliyojificha nyuma ya jina: ziwa, mji, kaunti. Kwa Kiingereza zote tatu zingechukua kitenzi cha umbo lile lile. Hata jina la nchi yetu lina siri hiyo, maana nchi iliitwa kwa jina la mlima ilipofanywa koloni mwaka 1920. Mlima *umefunikwa* na theluji. Nchi *imekumbwa* na ukame.

Najua kuna watakaosema kuwa mitaani watu hutumia *i-* kwa kila mahali, nao husema Nairobi imekua na Mombasa imebadilika. Ni kweli, na siwalaumu. Lakini hata hiyo *i-* ya jumla ni ushahidi wangu, kwani Kisumu ina *Ki-* mwanzoni na bado hakuna asemaye *Kisumu kimekua*. Kadhalika Kimani akifika, *amefika*. Umbo la jina halina mamlaka juu ya kitenzi. Nomino ya kawaida yenye umbo hilo, kama kisima au kitanda, ingekitawala kitenzi mara moja.

Kuna alama nyingine ya mahali ambayo sijaiona ikipewa uzito unaostahili darasani, nayo ni kiambishi *-ni*. Nomino ya kawaida hukihitaji ili iwe mahali: tunasema *chumbani kuna joto*, na anayesema *chumba kuna joto* tunamsahihisha. Jina la mahali halikihitaji. *Kisumu kuna joto* ni sentensi kamili, na *Kisumuni* ni kichekesho. Rudi kwa mji wetu wa mbu: *mtoni kuna samaki*, lakini *Mto wa Mbu kuna ndizi*. Neno ni lile lile, mto, ila pale lilipogeuka kuwa jina liliacha kuhitaji *-ni*. Nayo mitaa ya Nairobi iitwayo Pumwani, Ziwani na Makongeni ilibatizwa ikiwa na kiambishi hicho tayari, nacho kikaganda humo kama mdudu ndani ya sandarusi. Majengo, mtaa ulioko Nairobi na Mombasa pia, haukupewa *-ni*, na kwa hiyo tunao mfano mzuri wa darasani: *majengo yamejaa watu* na *Majengo kumejaa watu*. Ya kwanza ni nyumba, ya pili ni mtaa.

Sitaki msomaji adhani kuwa upatanisho humaliza kila tatizo. Viumbe vyenye uhai viko katika ngeli ya A-WA vyote, kwa hiyo katika ngano, Sungura aliyemdanganya Fisi na sungura yeyote yule wa porini hupatanishwa kwa njia moja. Hapo herufi kubwa humsaidia msomaji, nami sina ugomvi nayo. Ila hata hapo lugha ina hila zake: wapenzi wa kandanda wanajua kuwa *Simba amefungwa* ni habari ya mnyama na kamba, ilhali *Simba imefungwa* ni habari ya kuhuzunisha kwa mashabiki wa klabu moja ya Dar es Salaam. Gor Mahia naye, yule mganga wa masimulizi ya Waluo, *alikuwa* na miujiza. Timu iliyochukua jina lake *ilikuwa* na mabao.

Majina ya lugha yanaenda kinyume na niliyoyasema kuhusu Kisumu. Tunasema *Kiswahili kimeenea*, si *imeenea*, ingawa nyuma yake kuna lugha. Sababu, naona, ni kuwa *ki-* ya Kiswahili ingali hai. Hutumika kuundia jina la lugha yoyote mpya tunayoisikia. Ile ya Kisumu imekufa ndani ya jina. Wanaisimu wa idara zetu wanaweza kulichunguza hili vizuri kuliko mimi.

Nalo suala la Mkenya, Mswahili na Mkristo? Vitabu vingi huyaweka maneno haya pamoja na nomino za pekee kwa sababu ya herufi kubwa tu. Nayakataa hapo. Mkenya mmoja, Wakenya wawili, kila Mkenya, Mkenya yeyote: hiyo ni tabia ya nomino ya kawaida kabisa, yenye umoja na wingi na inayomhusu kila mwenye sifa fulani. Juma wawili katika darasa moja ni sadfa, na ili kuwataja pamoja na wenzao tunasema *akina Juma*. Wakenya wawili hawana sadfa yoyote. Herufi kubwa ya Mkenya tuliiazima pamoja na tahajia, kwa kuwa Mwingereza huandika hivyo. Iendelee kuandikwa, sina neno, lakini isitumiwe kuamua aina ya nomino.

Wenzetu wa fasihi wasidhani kuwa mjadala huu ni wa wanasarufi peke yao. Kila mwaka tunawafundisha wanafunzi mbinu ya majazi, yaani mhusika kupewa jina linaloafiki tabia au hali yake. Majazi hayawezi kueleweka na mtu asiyejua tofauti hii, maana uzito wake wote uko katika nomino ya kawaida inayoendelea kusikika chini ya nomino ya pekee. Katika *Kidagaa Kimemwozea*, riwaya ya Ken Walibora ya 2012, kuna Amani na kuna Imani. Msomaji akisoma kuwa Amani amefika mahali, kiambishi *a-* chamwambia kuwa ni kijana huyo, na sikio lake lamwambia kuwa labda na amani nayo yaja. Anayetazama A kubwa tu atapata jina na kuikosa riwaya.

Kuna wahadhiri wanaosema kuwa herufi kubwa ni njia rahisi kwa mtoto mdogo, na kwamba mengine atayajua akikua. Ningekubaliana nao kama angeyajua. Lakini tunakutana naye chuoni akiwa na miaka 20, akiwa bado na jibu lile lile. Isitoshe, mtoto wa siku hizi huandika ujumbe wa simu kwa herufi ndogo tupu na wenziwe wakamwelewa, kwa hiyo kile tunachokiita njia rahisi hakipo tena katika maandishi anayoyatumia zaidi. Istilahi zetu nazo hazimsaidii. Kitabu kimoja kitamwambia kuwa nomino ya jamii ni ile ya kawaida, kingine kitamwambia kuwa ni ile ya makundi, kama bunge na halaiki. Katika sarufi kongwe nomino zote ziliitwa majina, hata ikabidi kusema "jina la pekee", kana kwamba kuna jina lisilo jina.

Pendekezo langu kwa wanachama wenzangu watakaokwenda mazoezi ya kufundisha muhula ujao ni dogo. Mnapolifikia somo la aina za nomino, andikeni sentensi zote ubaoni kwa herufi ndogo. Anzeni na *zawadi alimpa baraka zawadi*, mfuatishe *uhuru ulipatikana* na *uhuru alipatikana*, kisha *majengo yamejaa* na *majengo kumejaa*. Waacheni watoto waseme wenyewe lipi ni jina na wamejuaje. Wakishamaliza kubishana, wapeni chaki waje ubaoni waweke herufi kubwa mahali panapostahili, na mwanafunzi akiandika sababu yake kando ya jibu, isomeni.